Tambi za Kijapani kwa Mayai: Pika Nyumbani, Pima Chumvi

Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo kuhusu upishi na lishe, yaliyoandaliwa kwa vikundi vya akina mama, vijana na wahamasishaji wa afya ya jamii.



Kuna bakuli moja ambalo mzazi wa Kijapani hulikumbuka haraka mtoto anapopatwa na mafua usiku wa baridi. Ndani yake mna tambi nene nyeupe, mchuzi wa moto, na yai lililomiminwa polepole likaganda kama mawingu mepesi. Juu yake hutiwa tangawizi iliyoparuzwa na majani ya kitunguu. Chakula hicho huitwa kakitama udon. Hakihitaji nyama wala mafuta, na sehemu kubwa ya vitu vinavyokitengeneza hupatikana katika soko lolote la Kenya: unga wa ngano, mayai, dagaa na tangawizi.

Mazungumzo haya yana sehemu mbili. Ya kwanza ni namna ya kukipika chakula hiki nyumbani, hatua kwa hatua. Ya pili ni chumvi. Sehemu hizi mbili hazitengani, kwa maana katika bakuli hili utamu wote umo ndani ya mchuzi, na hatari nayo imo humo humo.

Tambi za aina nyingi

Wajapani wana tambi za aina mbalimbali. Soba ni nyembamba na za rangi ya kahawia, nazo hutengenezwa kwa unga wa mbegu za mmea uitwao kwa jina hilo hilo. Ramen zilitoka Uchina. Unga wake wa ngano huchanganywa na maji yenye magadi, ndiyo maana huwa za manjano na huvutika. Udon ndizo nyepesi kutengeneza kuliko zote, kwa kuwa ni unga wa ngano, maji na chumvi, basi. Mkoa wa Kagawa, katika kisiwa cha Shikoku, unajulikana Japani nzima kwa udon zake.

Tambi ambazo Wakenya wengi wanazifahamu ni zile za pakiti, zinazoiva kwa dakika chache. Hizo nazo asili yake ni Japani. Mwaka 1958, katika mji wa Ikeda, mkoa wa Osaka, Momofuku Ando alifanya majaribio katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba yake hadi akagundua kwamba tambi zikikaangwa kwa mafuta maji yake hutoka, na baadaye zikimwagiwa maji ya moto hurudi kuwa laini. Akaziuza kwa jina la Chicken Ramen. Mwaka 2003 donge la tambi hizo liliwekewa kishimo juu, makusudi ili yai likivunjwa litulie hapo lisiteleze pembeni. Kwa hiyo hata mwenye pakiti, tangu zamani, alipenda kuongeza yai.

Pakiti hizo humsaidia mwanafunzi na mtu aliyechelewa kutoka kazini. Lakini kile kipakiti kidogo cha viungo kilichomo ndani ndicho kilichobeba chumvi nyingi, na mpishi hana njia ya kuipunguza ila kwa kutotia chote. Anayepika mchuzi wake mwenyewe ndiye anayeamua ni chumvi kiasi gani iingie.

Mchuzi huanza kwa samaki wakavu

Mchuzi wa Kijapani huitwa dashi. Mara nyingi hutengenezwa kwa mwani mkavu uitwao kombu pamoja na samaki aina ya jodari mdogo aliyekaushwa kwa moshi akawa mgumu kama ubao, kisha akaparuzwa vipande vyembamba kama karatasi. Katika nyumba nyingi hutumika pia niboshi, yaani samaki wadogo waliochemshwa wakakaushwa.

Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa chuo kikuu cha kifalme cha Tokyo alitafuta ni kitu gani kinachofanya mchuzi wa kombu uwe mtamu bila sukari na bila chumvi nyingi. Alikuta ni glutameti, akaiita ladha hiyo umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, alikuta kiini kingine cha ladha hiyo katika samaki mkavu. Baadaye ilithibitishwa kwamba viini hivyo viwili vikikutana katika chungu kimoja, ladha huongezeka maradufu kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Hili ni jambo la kukumbukwa, kwa kuwa mchuzi wenye ladha ya kutosha hauombi chumvi nyingi.

Kombu si rahisi kupatikana nje ya miji mikubwa. Dagaa, ambao kando ya Ziwa Victoria huitwa omena, wapo kila mahali. Si samaki walewale wa Japani, lakini namna ya kuwatumia ni ileile ya niboshi. Uyoga uliokaushwa, kwa anayeupata, hushika nafasi ya kombu vizuri.

Kwa watu wanne, mpishi huchukua dagaa wakavu gramu 40, yaani kama viganja viwili vidogo, na maji lita 1.3. Huwachagua dagaa wasio na harufu kali, huondoa vichwa na matumbo kwa vidole, kisha huwaosha mchanga wote utoke. Kazi ya kuondoa vichwa na matumbo huchosha, lakini asiyeifanya hupata mchuzi mchungu. Dagaa hulowekwa katika maji hayo baridi kwa nusu saa au zaidi, pamoja na uyoga vipande vitatu au vinne kama upo. Ndipo sufuria huwekwa juu ya moto mdogo. Maji yakianza kuchemka, povu huenguliwa, na mchuzi huachwa utokote taratibu kwa dakika 7 hivi bila kufunikwa. Kisha huchujwa kwa chujio la chai au kitambaa safi. Ukichemshwa kwa nguvu au kwa muda mrefu, harufu ya samaki hushinda ladha.

Dagaa waliochujwa hawatupwi. Hukaangwa kwa kitunguu na nyanya vikawa kitoweo cha siku hiyo hiyo, na uyoga hukatwa vipande ukarudishwa katika mchuzi.

Unga uleule wa chapati

Unga wa udon hautakiwi kuwa mgumu kama wa mkate wala laini kama wa keki. Ule unga mweupe wa ngano wa kupikia chapati unafaa.

Gramu 400 za unga hutosha watu wanne. Vijiko viwili vya chai vya chumvi, visivyojaa, huyeyushwa katika mililita 190 za maji. Maji hayo hunyunyizwa juu ya unga kidogo kidogo huku vidole vikichanganya, hadi unga ushikane vipande vipande. Donge hili huwa gumu kuliko la chapati, na wengi hushawishika kuongeza maji. Wasiongeze. Wajapani wenyewe huona ugumu huo, na kwa sababu hiyo donge hutiwa ndani ya mfuko safi na imara wa plastiki, likafunikwa kwa kitambaa, kisha likakanyagwa kwa miguu. Likitandazwa hukunjwa na kukanyagwa tena, mara nne au tano, hadi liwe laini kwa nje. Mwenye mikono yenye nguvu anaweza kulikanda mezani kwa dakika 15.

Donge hupumzishwa likiwa limefunikwa kwa saa moja. Baada ya hapo husukumwa kama chapati hadi unene wa milimita 3, likanyunyizwa unga, likakunjwa mara tatu na kukatwa kwa kisu vipande vya upana wa milimita 3 au 4. Tambi zikiiva huvimba, hivyo anayekata nene hupata nene zaidi.

Huchemshwa katika maji mengi yasiyotiwa chumvi, lita 3 au zaidi, kwa dakika 10 hadi 12. Mpishi huonja moja: ikiwa katikati hakuna unga mbichi, zimeiva. Kisha humwagwa katika chujio na kuoshwa kwa maji baridi safi, huku zikisuguliwa kwa mkono hadi utelezi uondoke. Kuosha huku kuna faida mbili. Tambi hazigandamani, na sehemu kubwa ya chumvi iliyokuwa katika donge huondoka na maji ya kuchemshia na ya kuoshea. Kwa sababu hiyo maji hayo hayafanywi mchuzi.

Asiye na nafasi ya kukanda anaweza kutumia tambi kavu za dukani. Kwa watoto wadogo tambi hukatwa fupi ili zisiwakabe.

Wanga kwanza, yai baadaye

Mchuzi uliochujwa hurudishwa motoni. Hutiwa vijiko vikubwa 4 vya soya sosi na vijiko vikubwa 2 vya sukari badala ya mirin, ile pombe tamu ya mchele ambayo Wajapani hupikia. Chumvi nyingine haiongezwi. Vidonge vya supu na unga wa mchuzi navyo haviongezwi, kwani vina chumvi tayari.

Hapa ndipo wapishi wengi wa mara ya kwanza hukosea. Huvunja yai moja kwa moja katika mchuzi mwepesi unaochemka kwa fujo na kuanza kukoroga. Yai hupasuka nyuzi nyuzi, mchuzi hugeuka kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, na wengine huamua kwamba chakula hicho si cha kwao.

Utaratibu ulio sahihi ni huu. Vijiko vikubwa 2 vya wanga wa mahindi, ule unaouzwa kwa jina la kornifulawa, huchanganywa na vijiko vikubwa 3 vya maji baridi. Wajapani hutumia wanga wa viazi. Wa muhogo pia unafaa. Mchuzi ukiwa unatokota, mchanganyiko huo humiminwa kidogo kidogo huku upawa ukizunguka, hadi mchuzi uwe mzito kiasi cha uji mwepesi sana. Huachwa uchemke dakika moja ili ubichi wa wanga uishe.

Mayai 4 hupigwa kwa uma katika bakuli, si mpaka yatoe povu, bali mpaka ute na kiini vishikane. Mchuzi hukorogwa mara moja ili uzunguke, kisha mayai humiminwa kwa mkondo mwembamba kama uzi, kutoka juu kidogo. Mkono husimama. Kwa nusu dakika hakuna kukoroga. Mchuzi mzito hulishikilia yai lisizame, nalo hupanda juu likiwa laini na limetandazika. Baada ya hapo upawa hupitishwa mara moja taratibu, na sufuria huachwa motoni dakika moja zaidi yai lishike kabisa.

Tambi zilizooshwa huzamishwa katika maji ya moto kidogo zipate joto, zikachujwa, zikagawanywa katika mabakuli manne, na mchuzi wenye yai ukamwagwa juu. Kipande cha tangawizi kilichoparuzwa na majani ya kitunguu yaliyokatwa humalizia kazi. Mchicha au sukuma wiki iliyochemshwa kidogo huweza kuwekwa pembeni, na bakuli likawa mlo kamili. Yai moja lina protini kama gramu 6, na wanga uliotiwa huufanya mchuzi ukae na joto muda mrefu. Ndiyo maana mgonjwa wa mafua hupewa chakula hiki.

Kuna jambo moja la tahadhari. Japani ipo pia bakuli iitwayo tsukimi udon, maana yake udon za kutazama mwezi, ambapo yai bichi huvunjwa juu ya tambi na kiini chake hufananishwa na mwezi mpevu. Huko mayai husafishwa na kuuzwa yakiwa na tarehe ya mwisho ya kuliwa mabichi. Yai lisilo na utaratibu huo linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, vinavyoleta kuhara na homa. Katika jiko la nyumbani, yai lishike lote, hasa kwa watoto, akina mama wajawazito na wazee.

Mkoa uliopima mchuzi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya vyakula vya dukani. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi kina chumvi kama gramu 2.5. Bakuli la tambi la mkahawani, mchuzi ukinywewa wote, linaweza kuwa na gramu 5 au zaidi. Mlo mmoja umemaliza siku nzima.

Wajapani walilijua hilo kwa njia ya machungu. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1980, ugonjwa ulioua watu wengi kuliko mengine yote nchini mwao ulikuwa kiharusi. Maeneo ya baridi ndiyo yaliyoumia zaidi, kwa kuwa watu walihifadhi mboga kwa chumvi ili ziwafikishe mwisho wa majira ya theluji, na kila mlo ulikuwa na supu yenye chumvi.

Mkoa wa Nagano, ulio milimani katikati ya nchi, ulikuwa miongoni mwa maeneo hayo. Huko wahudumu wa afya walishirikiana na wananchi wa kujitolea, wengi wao akina mama, waliofundishwa mambo ya lishe. Akina mama hao waliingia jikoni mwa majirani wakiwa na kipimo kidogo cha chumvi, wakakitumbukiza katika supu ya nyumba hiyo na kumwonyesha mwenye nyumba namba iliyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoa mzima uliingia katika kampeni ya kupunguza chumvi.

Hakuna aliyekatazwa tambi wala supu. Watu walishauriwa kutia mboga nyingi ndani ya supu ili maji yapungue, kukoleza mchuzi kwa dashi badala ya chumvi, na kubakiza mchuzi bakulini baada ya kumaliza tambi. Ushauri huo wa mwisho hutolewa Japani hadi leo.

Kufikia mwaka 1990 wanaume wa Nagano walikuwa wakiongoza mikoa yote ya Japani kwa kuishi miaka mingi, na mwaka 2010 wanawake wao nao wakashika nafasi ya kwanza. Wataalamu hutaja sababu kadhaa, zikiwemo kula mboga kwa wingi na wazee kuendelea na kazi zao za shamba. Kupungua kwa chumvi ni mojawapo, na ndiyo iliyoanzia katika sufuria za nyumbani.

Kenya nayo ina watu wa kazi kama hiyo. Mwezi Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi kote nchini, na miongoni mwa vifaa walivyopewa ni mashine ya kupima shinikizo la damu. Presha haina maumivu mwanzoni. Wengi hujua wanayo siku mkono mmoja unapokataa kuinuka. Mhamasishaji anapobisha hodi, kila mtu mzima nyumbani apimwe, hata anayejiona ana afya njema, na mwenye presha tayari amwulize mhudumu wa kituo cha afya kiasi cha chumvi kinachomfaa.

Hesabu ya bakuli hili

Bakuli lililoelezwa leo lina vijiko vikubwa 4 vya soya sosi kwa watu wanne, yaani kijiko kimoja kwa kila mtu. Hiyo ni chumvi kama gramu 2.5 katika mchuzi wa kila bakuli. Anayekula tambi, yai na mboga, akaacha nusu ya mchuzi, amebakiza zaidi ya gramu moja. Na kwa kuwa mchuzi umekolezwa kwa dagaa, uyoga na tangawizi, ladha haikosekani.

Familia iliyozoea chumvi nyingi itaona bakuli la kwanza limepoa. Hiyo ni kawaida. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, mradi chupa ya chumvi isirudi mezani. Kwa kuanzia, mpishi anaweza kupima kwa kijiko badala ya kukadiria kwa mkono, na kuandika kiasi alichotia. Mara ya pili apunguze robo kijiko. Hakuna atakayegundua, na mara ya tatu atapunguza tena.